Nukta Nyekundu za Pampu Namba Mbili

Nyumba ya pampu, 3 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Kifurushi kimefika salama, hakina hata mkwaruzo. Honi, dereva wa lori la vipuri, alikileta amekipakata kama mtoto mchanga. Anasema ulimwonya kwamba akikidondosha asikanyage tena karakana yenu. Tumekifungua mezani, mimi na wifi yako. Kumbe kipimo cha mtetemo ndicho hiki! Kidude cha kushika kwa mkono mmoja, waya, sumaku ya kunatia kwenye chuma, na mshale unaocheza. Nimemshukuru Mungu kwa ajili yako. Yule mtoto niliyekuwa nambeba mgongoni kumpitisha juu ya mabomba, leo viwanda vikubwa vinamwita aje aseme mashine yao inaumwa wapi.

Uliniuliza mtu mwenye sikio kama langu anataka kipimo cha nini. Ni watu wa ofisini, mdogo wangu. Siku hizi ukiwaambia "nimesikia" wanakutazama tu. Wanataka namba.

Sasa sikiliza. Pampu namba moja imefunguliwa, iko chini vipande vipande, inangoja shafti mpya mpaka mwisho wa mwezi ujao. Namba mbili inabeba mji peke yake, pamoja na hospitali kule juu mlimani. Ikilala hii, wagonjwa watanawishwa kwa ndoo. Kwa hiyo nimeanza kuipima. Jumatatu mshale ulisema mbili. Jumanne sita na nusu. Jumatano mbili tena. Mashine gani hii yenye homa ya vipindi? Nimeiombea, lakini nadhani Mungu anataka nikuulize wewe kwanza.

Wifi yako anakusalimu. Anasema unakonda hata kwenye picha.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Grisi


Karakana, 11 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mkuu wangu akaja kuuliza kuna nini. Homa ya vipindi! Niambie: sumaku uliinatia wapi? Na kila siku uliinatia palepale?

Mtetemo hausomwi popote, Kaka. Chuma kinatetema, ndiyo, lakini kila sehemu ina mdomo wake. Nenda pale beringi inapobeba shafti, kwenye nyumba yake nene ya chuma. Hapo ndipo mashine inaposema kweli. Pima mara tatu: ubavuni, kipimo kikiwa kimelala, juu, kikiwa kimesimama, kisha mbele, kikitazama urefu wa shafti. Mwelekeo mmoja unaweza kukuficha jambo ambalo mwingine unalitangaza. Halafu weka alama, kesho urudi hapohapo. Pima pampu ikiwa na mzigo uleule, vali zikiwa wazi vilevile. Mtu hapimwi uzito leo na viatu, kesho bila viatu, halafu tukasema amekonda.

Na namba moja peke yake haina maana kubwa. Kwa pampu yako mbili ni salama, nne na nusu ni ya kuiangalia, ikivuka saba usilale. Lakini mbili inayopanda kila wiki inanitisha kuliko tatu iliyotulia mwaka mzima.

Sasa jambo lingine. Nimepiga simu ofisini kwenu mara tatu. Mara zote naambiwa, "Tumemwita, hakuja." Honi naye analalamika kwamba alikupigia honi nyuma yako pale getini, ukampa mgongo ukaenda zako. Kaka, kama bado una kinyongo kwamba sikuja kumzika Mama, niambie. Nilikuwa mbali, juu ya mtambo uliosimamisha watu mia tatu, na habari ilinifikia baada ya siku nne. Nalijua kosa langu. Lakini usininyime sauti yako.

Mdogo wako,
Sindano


Nyumba ya pampu, 20 Februari

Sindano wangu,

Futa machozi kwanza. Sina kinyongo na wewe, Mungu ni shahidi. Mama mwenyewe alisema, siku ile ya mwisho, "Msimsumbue Sindano, yuko kazini." Alikuwa anajivunia wewe kuliko sisi tuliokuwa tumemshika mkono. Simu siiwezi tu, mdogo wangu. Ile ya ofisini inakoroma kama bomba lenye hewa. Kalamu ni nzuri zaidi. Kwenye barua hakuna anayekukatiza, na ukisahau unasoma tena.

Sasa cheka nami. Ile sita na nusu ya Jumanne? Niliinatia sumaku juu ya kifuniko cha kapilingi, pale mota inapoungana na pampu, kile cha bati kinachokinga vidole. Nilikipenda kwa kuwa ni bapa, sumaku inakaa vizuri. Kumbe nilikuwa napima bati linalopiga kelele, si pampu! Mwenzangu wa zamu aliposikia akasema, "Mzee Grisi, umempima mke wa jirani ukampeleka hospitali mume wa mwingine." Sijaelewa vizuri alichomaanisha, lakini nilistahili.

Alama nilizichora kwa chaki, zikafutika kwa maji siku ileile. Nikachora kwa rangi, wakaja watu wa kupaka rangi mashine kwa ajili ya wageni wa wizara, wakazifukia zote chini ya kijani kibichi. Nilikwangua rangi yao mpaka chuma kikaonekana, maana sumaku haishiki vizuri juu ya rangi nene. Halafu nikapata akili. Wifi yako ana rangi ya kucha, nyekundu kama damu, inaganda haitoki hata kwa mafuta ya taa. Kila beringi sasa ina nukta tatu nyekundu: ya ubavuni, ya juu, ya mbele. Pampu inang'aa kama bibi harusi.

Nimekuandikia kwenye karatasi ya pili. Napima Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, vali zote wazi. Beringi ya nje ya pampu, ubavuni: mbili na nukta moja, mbili na nukta mbili. Mkuu wa kituo ameiona daftari, akaitazama mara mbili. Hajawahi kusoma kitu changu hapo kabla.

Kaka yako,
Mzee Grisi


Karakana, 1 Machi

Kaka,

Shikamoo. Karatasi yako ya pili nimeibandika ukutani juu ya meza yangu. Kuna wenzangu hapa wamesoma vyuo viwili na hawaandiki saa ya kupima. Nilipowaonyesha, mmoja akauliza, "Huyu ni mhandisi wa wapi?" Nikamwambia ni mwalimu wangu wa kwanza. Hakuamini, nami sikumwelezea. Nilikuwa na miaka tisa uliponiwekea bisbisi sikioni, ncha kwenye beringi, mpini kwenye mfupa wangu wa sikio, ukaniambia, "Sikiliza. Nzima inavuma. Mgonjwa inatafuna." Kila nilichojifunza baadaye kilikuwa jina tu la kitu nilichokisikia siku ile.

Sasa nikwambie jinsi mtambo wetu mkubwa wa kupimia mtetemo unavyofanya kazi, uelewe kile kidogo chako kinakosa nini. Mtetemo unakuja umechanganyika, kama mchele na vijiwe na pumba. Mtambo unauchambua. Kinachopiga mara moja kila shafti inapozunguka, mara nyingi ni uzito ulioegemea upande. Kinachopiga mara mbili, tazama kapilingi, huenda shafti mbili hazitazamani sawa. Na kuna mlio wa juu kabisa, mwembamba, wa haraka: hiyo ni beringi, gololi zake za chuma zinapita juu ya kovu. Kipimo chako kinajumlisha vyote na kukupa namba moja. Kwa uzito na kapilingi kinatosha. Lakini beringi inapoanza kufa, sauti yake ni ndogo mno, inazama ndani ya jumla. Mshale utachelewa kukuambia.

Ndiyo maana nakuhitaji wewe, si kipimo. Fanya mambo mawili. Kwanza, siku mtakayozima kwa dakika chache, uangalie mshale umeme unapokatwa: ukianguka ghafla, ugonjwa uko kwenye umeme wa mota, ukishuka taratibu pamoja na shafti, ugonjwa ni wa chuma. Pili, chukua bisbisi yako, weka kwenye beringi ya nje, uniambie inavuma au inatafuna. Sikio lako naliamini kuliko vitu vyote vilivyo katika karakana hii.

Sindano


Nyumba ya pampu, 9 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nne, na mara moja nikamsomea wifi yako kwa sauti pale unaposema mwalimu wako wa kwanza. Sikulala vizuri. Sifa zikizidi zinamkosesha mtu usingizi kama deni.

Namba si nzuri. Beringi ya nje, ubavuni: mbili na nukta nne, mbili na nukta tisa, tatu na nukta tatu. Juu na mbele zimepanda kidogo tu. Tulizima kwa dakika sita kusafisha chujio. Mshale ulishuka taratibu, pamoja na shafti, kama mtu anayeshuka ngazi. Kwa hiyo ni chuma, siyo umeme. Uone nilivyoelewa!

Bisbisi nimeiweka. Ni kawaida. Inavuma.

Ila kiganja changu nikikilaza pale kinanicheza, kama nimeshika mfuko wa mchanga. Labda ni uzee.

Niombee.

Mzee Grisi


Karakana, 14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimekaa na namba zako jioni nzima. Ni chuma, inapanda ubavuni, na beringi inavuma vizuri kwa sikio lako. Basi hilo la beringi naliondoa kabisa. Nadhani ni mguu wa pampu umelegea juu ya msingi. Kaza bolti za miguu, moja moja, usizilazimishe. Zikikaza na namba ikakaa chini ya nne na nusu, endesha mpaka pampu namba moja irudi mwisho wa mwezi. Hamna sababu ya kuukatia mji maji.

Kama ungekuwa umesikia inatafuna, ningekuambia zima leo. Afadhali masikio yako yapo.

Sindano


Nyumbani, 18 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila mimi nina jambo. Naandika baba watoto akiwa zamu, na barua hii naipeleka kwa Honi mwenyewe mkononi. Mwandiko wangu uvumilie.

Nimeokota barua yako ya tarehe kumi na nne chini ya mto. Ameisoma akaikunja mara nane. Wifi, kaka yako hasikii. Nimelisema. Lilianza mwaka wa juzi. Kwanza ndege, kisha kifuniko cha sufuria, kisha mimi, maana sauti yangu ni nyembamba. Nilidhani ananipuuza! Nilimnunia wiki mbili nzima, maskini ya Mungu, na yeye hakujua hata kama nimenuna. Mtu mwenye sauti nene akisimama mbele yake anaipata nusu, nyingine anaisoma mdomoni. Kwenye ibada anaimba nyuma ya wenzake, ametoa macho kwenye mkono wa kiongozi wa kwaya. Watu wanadhani ni unyenyekevu.

Ofisini hawajui. Mwenzake wa zamu nadhani anajua, anamfunika. Anaogopa watamtoa kwenye pampu. Miaka kumi na tisa ameibeba funguo ile ya nyumba ya pampu. Aliniapisha nisikwambie wewe hasa. Anasema, "Sindano akijua, nitakuwa nimemdanganya tangu alipokuwa na miaka tisa." Nikamwambia hiyo siyo hesabu, lakini hanisikii, kwa namna zote mbili.

Ila nimesoma ulichoandika, "ungekuwa umesikia inatafuna, ningekuambia zima leo." Hapo nikaogopa. Huenda ni kitu kidogo, mimi sijui mashine. Najua tu kwamba ile pampu ina kucha nzuri kuliko mimi, maana chupa yangu yote imeishia kule.

Nimevunja kiapo. Nimeomba msamaha kwa Mungu, kwake yeye bado.

Wifi yako


Karakana, Jumatatu 21 Machi, asubuhi

Kaka,

Barua hii Honi anaondoka nayo sasa hivi, ataifikisha kesho.

Najua. Usimkasirikie aliyeniambia. Mkasirikie aliyekuita mara tatu kwenye simu, akaambiwa honi ilipigwa hukugeuka, akasoma "kiganja kinanicheza kama mfuko wa mchanga," na bado hakuelewa. Huyo ni mimi, ninayelipwa kuelewa dalili. Wewe uliandika neno moja lisilo kweli. Mimi nilijenga juu yake nyumba nzima bila kuuliza.

Sasa nisikie kwa macho. Mchanga ule si uzee. Beringi ya nje inakufa. Kwa jinsi namba zilivyopanda, imeshapita hatua ya kulia na sasa inatikisa. Ikivunjika ikiwa mbioni, shafti itakwenda nayo, na pengine aliyesimama karibu. Mji hautakosa maji siku mbili. Utakosa miezi.

Naweza kunyanyua simu sasa hivi nimwambie mkuu wako azime. Ataniuliza nimejuaje, na nitalazimika kumwambia. Sitaki asikie kwangu jambo ambalo ni lako kulisema. Barua ikishakufikia, siku moja naweza kuibeba moyoni. Mbili siwezi. Jumatano saa nne asubuhi, saa yako ya kupima, nitapiga. Kama pampu imezimwa kabla ya hapo, sitakuwa na la kusema zaidi ya salamu.

Hujanidanganya tangu nikiwa na miaka tisa. Siku ile ulikuwa unasikia.

Sindano


Nyumbani, 30 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, mchana, siku ya kazi. Ajabu kweli. Wifi yako ananipita kila dakika kama anakagua mgeni.

Honi alinikuta getini Jumanne asubuhi, kabla sijapima. Safari hii hakupiga honi, alishuka akaja mbele ya uso wangu. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikaingia nyumba ya pampu nikalaza kiganja kwenye beringi, na sikuweza kukiacha hapo hata nihesabu kumi, kwa moto na kwa ule mchanga. Kipimo kilisema tano na nukta nane. Ijumaa ilikuwa tatu na nukta nane, na bolti zote za miguu nilikuwa nimeshazikaza. Nikapiga magoti palepale kwenye grisi. Sikuomba maneno mengi. Nilisema, "Bwana, nipe mdomo, masikio umeshachukua."

Nikaenda kwa mkuu wa kituo. Mwenzangu wa zamu alikuwepo, analeta ripoti. Nikasema, "Mkuu, tuzime namba mbili."

Akasema, na alinitazama kwa hiyo nilimpata, "Kwa tano na kidogo? Si umesema saba ndiyo ya hatari? Na wewe mwenyewe ndiye masikio ya kituo hiki. Umesikia nini?"

"Ndilo nililokuja kusema. Masikio ya kituo yamekufa."

Akacheka. Alidhani ni utani wangu. Nikamwambia, "Mkuu, nakugeuzia mgongo. Sema lolote." Nikageuka nikatazama ukuta, pale penye kalenda. Nikangoja. Nilihesabu mistari ya kalenda yote. Nilipogeuka, mwenzangu alikuwa anatazama sakafu, na mkuu alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

Nikauliza, "Umesema nini?"

Alinipita, akavuka uwanja, akaingia nyumba ya pampu, akazima yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Jioni mwenzangu alinieleza, taratibu, akinitazama. Mkuu alikuwa amesema, "Grisi, moto." Mara tatu. Mara ya tatu alipiga kelele.

Waliifungua usiku uleule. Pete ya nje ya beringi imebanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Kile kizuizi kinachotenganisha gololi kimekatika vipande viwili, gololi zimelundikana upande mmoja. Fundi mkuu aliishika mkononi akasema hii ingekwenda siku tatu, nne kama mna bahati. Akauliza nani kaigundua. Mkuu akanionyesha kidole. Fundi akasema, "Kwa sikio?" Mkuu akasema, "Hapana."

Mji ulikaa bila maji siku mbili na nusu. Waliazima beringi kiwanda cha jirani. Hospitali ilipelekewa tangi. Mama mmoja pale bombani alinisemesha maneno ambayo nashukuru niliyapata nusu.

Sasa lililo gumu. Funguo nimerudisha. Mkuu hakuwa na ukali, alisema tu mtu asiyesikia kengele ya hatari hawezi kuachwa peke yake na mashine, na akisema vinginevyo akatokea mtu kuumia, Mungu atamuuliza yeye. Ni kweli. Ningesema vivyo hivyo. Lakini nilipoiweka mezani, mdogo wangu, mfuko wangu ulikuwa mwepesi mpaka nikatembea upande. Miaka kumi na tisa.

Nimekukosea. Niliandika "inavuma" kwa mkono wangu, huku nimeweka bisbisi sikioni na kusikia kimya. Niliogopa kuwa mtu ambaye huwezi kumuuliza kitu tena. Ningeweza kuua mtu kwa kutunza sifa. Nisamehe.

Mzee Grisi


Karakana, 6 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Nimesamehe kabla hujaomba, na wewe unisamehe. Lakini sikuandikii kwa ajili ya hilo. Nimechukua karatasi zako zote, tangu nukta za kwanza, nikazipeleka kwenye kikao chetu cha mwezi. Nikawaonyesha: pampu moja, kipimo kimoja cha zamani, mtu mmoja, nukta zilezile, saa ileile. Kisha nikawasomea mstari wa kiganja na mchanga. Nikawaambia huyu mtu hakuwa na sikio, hakuwa na mtambo wa kuchambua, na mkono wake ulimwambia kabla ya mshale kusema kwa sauti. Nikawaambia pia kwamba mchambuzi wake hakuuamini mkono, na mchambuzi huyo ni mimi. Yule aliyeuliza wewe ni mhandisi wa wapi alisimama akaomba kunakili daftari.

Nimemwandikia mkuu wako. Sikuomba chochote. Nimemweleza tu kwamba kupima hakuhitaji masikio. Kunahitaji mtu anayerudi palepale kila mara na kuandika alichokiona, hata kisipompendeza. Watu hao ni wachache, Kaka. Ninaowajua wanatosha mkono mmoja na vidole vinabaki.

Sindano


Nyumbani, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui ulimwandikia nini mkuu wangu, ila ameniita. Nina kazi mpya. Nazunguka na kipimo, mchana tu, pamoja na mwenzangu mmoja mwenye masikio: pampu zetu mbili, zile tatu za kwenye matangi, na feni za nyumba ya kusafishia maji. Mashine kumi na moja. Wifi yako ameninunulia chupa mbili za rangi ya kucha, moja ya mashine, moja akasema, "Hii ukiigusa tutaachana." Namba mbili baada ya beringi mpya: moja na nukta tatu. Niliandika, nikaibusu daftari, mwenzangu akajifanya hakuona.

Funguo naikumbuka bado. Nikipita pale nyumba ya pampu mkono unaingia mfukoni wenyewe. Basi, ndivyo ilivyo.

Lakini nikwambie la Jumapili iliyopita. Nilikaa kwenye benchi letu, la tatu kutoka mbele, nikawa natazama mkono wa kiongozi wa kwaya kama kawaida yangu, nyuma ya wimbo kwa hatua moja. Nikachoka. Nikafumba macho, nikalaza kiganja kwenye ubao wa benchi, bila kufikiri, jinsi ninavyolaza kwenye beringi. Sindano! Kinanda kilikuwa mle ndani ya mbao. Si kila mahali. Nilisogeza mkono taratibu, hapa hafifu, hapa hakuna, mpaka nikapata sehemu moja karibu na bolti inayoshika mguu wa benchi, na pale wimbo ulipanda mkononi mwangu mzima mzima, mdundo na pumzi zake. Nikaimba. Wifi yako aligeuka akanitazama, machozi yanamtiririka. Nikajua niko sambamba.

Nilimwonyesha pale mahali. Watu walipotoka akachelewa kidogo, anasema amesahau kitambaa. Jumapili ya leo nimekaa, nikaangalia chini, na pale penyewe, karibu na bolti, kuna nukta moja nyekundu.

Kaka yako,
Mzee Grisi